Pembe Yenye Mate

Juma lile la kungoja matokeo ya kura, Machi ya mwaka elfu mbili na kumi na tatu, watu wa Langas, mtaa wa Eldoret, walizungumza kwa sauti ya kanisani. Hata waliogombana, waligombana kwa kunong'ona. Maduka yalifunguliwa ubao mmoja, mwingine ukaachwa umekomewa, ili siku ikiharibika mwenye duka asihangaike. Naye Amos Kiprop, ambaye riziki yake ilitokana na kelele, alijifungia ndani ya chumba chake chenye magodoro ukutani, akitafuta sauti ya pembe.

Amos alikuwa mzaliwa wa Ziwa, kijiji cha nje ya mji, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye mazoea ya kuuma kucha akiwaza. Kazi yake ilikuwa kurekodi kwaya. Hakuwa na bendi wala hakuitaka. Ngoma, gitaa na tarumbeta zote zilikaa ndani ya kompyuta yake, katika programu za vinanda alizozikusanya mwaka baada ya mwaka kama mkulima anavyochagua mbegu. Mpita njia angesema ni mamoja tu: unabonyeza, kinalia. Lakini kwa Amos kila programu ilikuwa na tabia yake, na fundi asiyejua tabia ya chombo chake ni sawa na mkamuaji asiyejua ng'ombe yupi hupiga teke.

Juma lile alikuwa akizipambanisha tatu. Ya kwanza aliiita Bati. Alipewa bure na rafiki, ikaja ndani ya flashi pamoja na virusi. Haikuwa na rekodi ya chombo chochote cha kweli. Ilianza na mawimbi matupu ya umeme, ikayachonga huku na huku mpaka yakafanana na kitu. Pembe yake ilikuwa kavu, kali, ya karibu sana, kama mtu anayepiga mabati kwa mwiko. Ila ilikuwa na uaminifu wake. Haikujifanya kitu ambacho sicho.

Ya pili aliiita Mafuta. Waliokuwa wameitengeneza huko ng'ambo walimkalisha mpiga tarumbeta hodari, wakamrekodi noti moja baada ya nyingine. Ilitoka nene, laini, inang'aa. Kasoro yake ni kwamba ukiibonyeza leo na kesho na mtondo, inakuletea pumzi ile ile ya mtu yule yule wa siku ile. Amos aliifananisha na picha ya kitambulisho: ni mtu kweli, lakini hapumui.

Ya tatu aliiita Pumzi. Hii haikurekodi wala haikuchonga. Ilipiga hesabu ya midomo, ya hewa na ya umbo la pembe lenyewe, upya kila mara kidole kiliposhuka, hata feni ya kompyuta ikalalamika. Ukiibonyeza kwa woga, sauti ilikwama kooni. Ukiibonyeza kwa hasira, ilipasuka. Ilikuwa ngumu kuielekeza, kama punda wa kuazima, na Amos aliipenda kupita zote.

Mwenye kuitaka hiyo pembe alikuwa Mzee Kipkemboi, mfugaji wa Kapseret na mwenyekiti wa kwaya ya kanisa lao. Kwaya yake ilikuwa imetunga wimbo wa kuanguka kwa kuta za Yeriko, na walitaka uwe tayari kwa mkutano wao wa Pasaka. Mzee alikuja kabla ya siku ya kura, akaketi kwenye kiti cha plastiki, kofia juu ya goti, akasema aonyeshwe. Amos akampigia Bati.

"Hiyo ni trekta imekosa mafuta," mzee akasema.

Akampigia Mafuta. Mzee akainamisha kichwa, akasikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Hiyo ni ya hoteli kubwa. Yeriko haikuangushwa na mtu amevaa tai."

Pumzi ilikuwa bado haijanyooka, kwa hiyo Amos aliona haya kuitoa. Mzee alisimama, akavaa kofia yake, na pale mlangoni akageuka. "Kijana, nikwambie kitu. Pembe haianzi na sauti. Inaanza na mate. Unasikia kwanza mdomo unatafuta mahali pake, halafu ndiyo inalia. Ukinipatia hiyo, tumemaliza."

Maneno hayo yalimwingia Amos kama mwiba. Alikuwa mtu wa kushikwa na jambo moja hadi asahau kula, na katika juma lile kushikwa kulikuwa afadhali, kwa sababu nje kulikuwa na jambo jingine lililomnyima usingizi.

Jambo lenyewe lilikuwa Mama Diana.

Jina lake hasa ni Muthoni, na ploti ile ilikuwa yake: vyumba vya mabati pande mbili, uwanja katikati, bomba la maji na shamba dogo la maharagwe nyuma. Januari ya mwaka elfu mbili na nane, nchi iliposhika moto baada ya kura, pembe ililia ng'ambo ya mto jioni moja, na kabla giza halijakamilika vyumba vya mbele vya ploti ile vilikuwa vinawaka. Mama Diana alilala miezi ndani ya hema katika uwanja wa maonyesho, kisha akaenda kwa binti yake Nakuru. Mwaka uliofuata akarudi, akapiga mabati upya, na wapangaji wakarudi mmoja mmoja.

Amos hakuwapo siku ile ya moto. Alikuwa amekwenda Ziwa kwa mama yake kula Krismasi, barabara zikafungwa kwa mawe na magogo, akakwama huko hadi Februari. Hakuna aliyemlaumu. Lakini alipofika na kukuta majivu, na kitanda chake cha chuma kimepinda kama mkono wa mgonjwa, aliona kwamba yeye ndiye mpangaji pekee wa kabila la waliokuja na moto, na ndiye pekee ambaye hakuwa na cha kusimulia. Tangu hapo alikuwa akimlipa Mama Diana deni ambalo mwenyewe hakumdai. Alimfungia bomba, alimbebea magunia, alimtengenezea redio.

Safari hii wakubwa wa makabila yale mawili, la Mama Diana na la Amos, walikuwa wamepanda gari moja la kisiasa, na redio ilihubiri amani kila saa. Mama Diana alisikiliza, akasema gari ni lao, yeye yuko kando ya barabara. Binti yake alimpigia simu kila siku akimsihi aende Nakuru mara tu atakapopiga kura. Amos ndiye aliyemzuia. Alijua kwamba mama yule akifunga mlango wake, mtaa mzima utaanza kufunga mizigo, maana watu walimtazama yeye kama wanavyotazama mawingu. Alijua pia, ingawa hakulisema hili, kwamba akiondoka kwa mara ya pili huenda asirudi tena.

"Mama, kaa," alimwambia jioni ya siku ya kura. "Mimi niko. Safari hii siendi Ziwa. Nikisikia chochote, hata mbwa akibweka vibaya, wewe utakuwa wa kwanza kujua. Nitakuja kwa mlango wako kabla ya kwenda kwa mtu yeyote."

Mama Diana akauliza, "Na mimi nikisikia kwanza?"

"Uje kwangu. Ubishe."

Basi akakaa. Lakini mkoba wake wa safari ulibaki nyuma ya mlango, umefungwa zipu.

Jirani wa Amos, chumba cha pili, alikuwa Rosebella Adero, fundi wa nguo kutoka upande wa ziwa kuu, mwanamke wa maneno mengi, ambaye cherehani yake ilisimama kibarazani kutoka asubuhi mpaka jua likishuka. Yeye alisema hofu haikuondoka Langas, imehama chumba tu, kwa kuwa mwaka huu watu wake ndio waliobaki nje ya lile gari. "Mwaka ule mimi nilikuletea chai kwa hema, Mama Diana," alikuwa akisema huku anakanyaga. "Mwaka huu nikiwa kwa hema mimi, usiniletee chai ya rangi. Weka maziwa." Mama Diana alicheka, wote wakacheka, na kila mmoja alipomaliza kucheka alitazama lango.

Alhamisi ya juma lile, saa za alasiri, Amos aliipata.

Ilikuja ghafla, kama vile kufuli linavyofunguka baada ya kulisumbua. Aliacha kuibonyeza Pumzi kwa kidole kimoja, akateleza kutoka noti ya chini kabisa, taratibu, na pale mwanzoni kabla ya sauti kukamata akasikia kitu kikitetemeka, majimaji, midomo ikitafuta mahali pake. Mate. Alikumbuka Desemba za utotoni Ziwa, vijana wanapotoka jandoni, akina mama wakipiga vigelegele, na mzee mmoja juu ya kilima na pembe yake. Kwa Amos pembe ilikuwa hiyo: sherehe, majani mabichi, nyama. Hakuwa na pembe nyingine masikioni mwake.

Sasa, Amos alikuwa na utaratibu wake wa kazi. Hakuamini sauti yoyote aliyoisikia akiwa ndani. Magodoro hudanganya, alisema, na spika za masikioni hudanganya zaidi. Nyimbo za Eldoret husikika kutoka mbali, kwenye maduka na sokoni, zikiwa zimechujwa na upepo. Kwa hiyo kila alipomaliza wimbo aliweka spika kubwa dirishani, akaanzisha, akatoka, akatembea hadi kwenye kisiagi, ile mashine ya kusaga unga iliyo kwenye kona, akasimama hapo kusikiliza. Mtaa ulikwisha kuzoea. "Kiprop anatembeza wimbo," walisema, na wengine walimpigia kelele njiani kumwambia besi imezidi.

Siku ile hakuwa na wimbo. Waimbaji walikuwa bado hawajafika, ngoma ilikuwa bado. Alikuwa na pembe peke yake. Wala hilo halikumgonga kichwani, kwa kuwa fundi akishafurahi huwa kama mlevi: anaona mbali, haoni miguuni. Aliipanga pembe ilie mara tatu, inyamaze, ilie tena mara tatu, irudie hivyo. Mwanzoni akaacha kimya kirefu ili apate nafasi ya kufika kwenye kona. Akafunga mlango wa studio kwa kufuli, kama kawaida yake, kwa sababu ya wezi.

Mama Diana alikuwa ameketi kizingitini pake akichambua maharagwe ndani ya ungo. Amos akamwambia anafika hapo kisiagini. Alitaka kumwambia zaidi, kwamba ameipata, lakini akaona hatamwelewa, akapita.

Kisiagi kilikuwa kimezimwa. Mwanamke mmoja alikuwa akingoja na beseni lake la mahindi, na mwenye mashine alikuwa ameegemea mlango akisikiliza redio ndogo. Barabara ilikuwa nyeupe kwa vumbi na haikuwa na mtu. Amos akasimama, mikono nyuma, akangoja.

Ikalia.

Ilikuja juu ya mapaa ya mabati, ndefu, yenye mikwaruzo, ikagonga upande wa pili wa mto na kurudi. Lile tetemeko la mwanzo lilisikika hata pale. Amos alifumba macho. Akajiambia hakuna mtu katika mji mzima wa Eldoret ambaye angejua kwamba hiyo si pembe ya kweli, na alikuwa akitabasamu alipoyafumbua.

Beseni lilikuwa chini, mahindi yamemwagika, na mwanamke hayupo. Mwenye mashine alikuwa ameingia ndani na Amos alisikia chuma kikisukumwa nyuma ya mlango. Kisha akasikia milango mingine, mmoja, mwingine, mwingine, ikifungwa kuteremka mtaa mzima kama mtu anayehesabu kwa nyundo. Mama mmoja alivuka barabara akikimbia na mtoto amening'inia begani kama gunia, kichwa chini. Mtu wa bodaboda aligeuza pikipiki bila kupunguza mwendo.

Pembe ikalia mara ya pili, mara ya tatu, ikanyamaza.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Amos aliujua msemo huo tangu shuleni. Hakuwahi kufikiri kwamba mbiu yenyewe yaweza kuwa ndiyo jambo. Kutoka upande wa juu, vijana walianza kujitokeza na marungu, hawakimbii, wanatazamana, kama watu walioitwa na hawajui na nani. Upande wa chini, nyuma ya ua wa miti, aliona wengine, na mikononi mwao kitu kilimeta.

Akaanza kukimbia. Na hapo pembe ikaanza tena. Basi watu wote waliokuwa wakichungulia kwenye nyufa za milango walimwona Kiprop, mtu mpole wa kwaya, akikimbia kuelekea kule pembe inakolia. Wapo waliomwona hivyo na hawakulisahau.

Alipofika, cherehani ya Rosebella ilikuwa imesimama, shati limebaki chini ya sindano. Maharagwe yalikuwa yametapakaa uwanjani, ungo umepinduka. Mlango wa Mama Diana ulikuwa wazi. Akafungua kufuli. Akaingia, akauchomoa waya wa spika kutoka ukutani.

Ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko pembe.

Kisha lango likajaa. Vijana wa juu, wa kabila la Amos, walikuja wa kwanza, wakiongozwa na Wilson, dereva wa bodaboda ambaye Amos alimjua tangu akiwa mwanafunzi. Wa chini, watu wa kabila la Mama Diana, wakaja nyuma yao na kusimama mbali kidogo, mbele yao Joseph, fundi wa kuchomelea vyuma, panga ameliegemeza pajani. Makundi hayo mawili yalitaka kitu kimoja kwa sababu tofauti. Wilson alitaka kujua ni mzee gani amewaita. Joseph alitaka kujua nani anawaitia watu moto.

"Kiprop, mtoe," Wilson akasema.

"Nani?"

"Mwenye pembe. Umemficha humo."

Amos akasema hakuna mtu, ni kompyuta. Mtu mmoja nyuma akaguna. Joseph akatema mate kando.

"Kompyuta ina mdomo?" akauliza Joseph. "Mimi nimesikia mtu akipuliza. Nimesikia hata akilamba."

Amos alijua kwamba kama angebaki akibishana pale, maneno yangekwisha na mikono ingeanza. Akarudi ndani, akaburuta meza hadi mlangoni, kompyuta juu yake, na spika ndogo ile ya kusikilizia. Akaanza na Bati.

Akaipiga tena.

"Hiyo hata kuku haiwezi kufukuza," Joseph akasema, na mtu upande wa Wilson akacheka kabla hajajizuia.

Akawapigia Mafuta. Wilson akasema hiyo ni ya kumwingiza bibi harusi. Kisha Amos akafika kwa Pumzi, na hapo mkono wake ukasita, maana alilazimika kuithibitisha sauti ile kwa kuitoa tena, na akiitoa kwa nguvu mtaa mzima utaisikia upya. Akaipunguza. Akaipunguza zaidi, mpaka ikawa mnong'ono. Waliokuwa langoni hawakusikia, wakasogea. Wa juu wakasogea, na wa chini wakasogea, mpaka vichwa vikakutana juu ya spika ndogo, rungu likigusa mpini wa panga, wote wamekunja nyuso kama watu wanaosikiliza moyo wa mgonjwa.

Ikatetemeka, ikatafuta mahali, ikalia ndogo kama pembe ya sisimizi.

Wote walijiinua pamoja. Kabla hawajasema, Amos aliichukua pembe ile ile na kuipandisha, noti juu ya noti, mpaka ikalia kama kifaranga, mahali ambapo mapafu ya binadamu yasingeifikisha. Halafu akaishusha mpaka ikawa kama ng'ombe anayezaa. Mtu mmoja akacheka, wa pili akamfuata. Wilson akaliweka rungu kwapani.

"Siku moja utatuua na hiyo redio yako," Joseph akasema. Aliyasema kama utani, lakini hakuna aliyeyacheka. Wakaondoka, kila kundi na njia yake, na Joseph alitazama nyuma zaidi ya mara moja.

Hapo ndipo Rosebella alipofungua mlango. Uso wake ulikuwa umekauka, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Mama Diana ameenda kanisani, amepitia nyuma," alisema. "Kiprop, alikuja kwako kwanza. Nilimwona kwa dirisha. Alibisha mlango wako na mikono miwili."

Amos akakaa chini pale pale juu ya maharagwe. Aliona yote bila kuambiwa zaidi: mama yule akisikia, akiukumbuka ule mkataba, hofu ikimsahaulisha kwamba yeye yuko kisiagini, akikimbilia mlango wa mtu aliyeahidi, mlango umefungwa kwa kufuli, na pembe inalia ndani.

Kanisa lilikuwa la mabati, nyuma ya shamba la maharagwe. Mama Diana aliketi kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, mkoba mapajani. Mguu mmoja ulikuwa na ndara, wa pili ulikuwa mtupu, umechanwa na miiba ya ua. Amos alisimama mbali, kompyuta kifuani, hakuthubutu kusogea.

"Nilibisha," mama akasema.

"Najua, Mama."

"Ilikuwa inalia kwako. Ndani ya nyumba yangu mwenyewe."

Akamweleza. Alimweleza vibaya, akianzia katikati, akarudi kwa Mzee Kipkemboi, akaingia kwenye Yeriko, akapotea katika Bati na Mafuta. Mama Diana hakumkatiza. Alipokwisha, alisogea kidogo kwenye benchi na kumwonyesha mahali pa kuiweka kompyuta.

"Icheze."

"Mama, si lazima."

"Icheze, Amos."

Akaicheza, chini kabisa. Mama akaukumbatia mkoba. Alisikiliza hadi ikanyamaza, akasema irudiwe, akasikiliza tena, macho amefumba.

"Si hii," alisema mwishowe. "Imefanana mwanzo tu. Ile ilikuwa na mtu ndani yake. Alikuwa anaishiwa na pumzi hapo katikati, anatulia, anaanza tena. Mimi nilikuwa chini ya kitanda nikimwombea achoke."

Aibu iliyomchoma Amos kuliko zote ni kwamba hata pale, mbele ya mguu ule uliochanika, sikio lake la kazi lilinong'ona: ni kweli, Pumzi haichoki.

Alimwomba arudi nyumbani. Akamwahidi kuifuta programu ile, akamwahidi hatapiga kitu chochote mpaka matokeo yatoke. Mama Diana akautazama mguu wake mtupu kama kwamba ni wa mtu mwingine.

"Masikio yangu yamekuamini," alisema. "Miguu ndiyo imekataa."

Ijumaa asubuhi shemeji yake aliyekuwa akitoka Kitale alipita na gari, akampakia yeye na mkoba. Kabla ya adhuhuri jirani wa lango la pili naye alikuwa amefunga. Kisha wengine. Jumamosi matokeo yakatangazwa, na Langas haikuungua. Watu walitoka kwenye milango yao mmoja mmoja, wakanyoosha migongo, wakaulizana bei ya sukari. Hakuna pembe iliyolia popote katika juma lile lote, ila ya Kiprop.

Mzee Kipkemboi alikuja baada ya hapo na chupa ya maziwa. Amos alimvisha spika za masikioni, akampigia Pumzi. Mzee alisikiliza, kisha akazivua polepole kwa mikono miwili.

"Ndiyo hiyo," akasema. Hakuonekana kufurahi.

Ndipo Amos akamsimulia. Mzee alisikiliza akizungusha kofia gotini. Mwishowe aliuliza kama mama yule ana mtu wa kumtunzia maharagwe, na Amos akasema anayaangalia yeye.

"Ile ya mwaka ule," mzee akasema, "hata sisi Kapseret tuliisikia." Akasimama. "Weka ile trekta."

"Mzee, ile ni mbaya. Watu watacheka."

"Wacheke. Yeriko ianguke wakicheka."

Wimbo ukatoka kabla ya Pasaka, na pembe zake zilikuwa za bati tupu. Wenye masikio ya kazi walimwuliza Amos kimepungua nini. Wengine sokoni walizipenda hivyo hivyo. Walisema zinawachekesha, wakaziiga kwa midomo. Mama Diana alipiga simu mara moja kutoka Nakuru, akauliza kama mvua imeshika, na kama maharagwe yamepaliliwa. Amos alijibu yote mawili ndiyo. Hakumwuliza anarudi lini, na mama hakusema.

Bado anatembeza nyimbo zake, ila sasa hutanguliza jambo. Kabla hajaiweka spika dirishani huzunguka mtaa, mlango hadi mlango, hata kwa Joseph, hata kisiagini, anabisha na kusema: ni mimi, Kiprop, nitapiga wimbo, una ngoma na waimbaji, msishtuke. Wengine humjibu, wengine humfukuza kwa matusi ya kirafiki. Mwisho kabisa huvuka uwanja na kusimama mbele ya mlango wa Mama Diana, wenye kufuli na vumbi kizingitini, na kubisha hapo pia.

"Unabishia kufuli?" Rosebella alimwuliza siku moja, mguu juu ya kanyagio.

Amos hakugeuka. Alikuwa ameinamisha kichwa karibu na ubao, kama mtu anayesikiliza kama sauti imekaa sawa.

"Acha nizoee," akasema, akabisha tena.